Gitaa la kucharaza lisilochosha: mwongozo kamili kwa anayerekodi nyumbani

Wimbo wa kwanza niliourekodi chumbani kwangu Kisauni, Mombasa, ulikuwa wa dakika nne na kitu, na gitaa nililicharaza kwa namna moja tangu mwanzo hadi mwisho. Nikajiona nimeweza. Nikampelekea mzee jirani yetu ambaye ujana wake wote aliumaliza akipiga gitaa la rithimu kwenye mahoteli ya ufuoni. Baada ya shikamoo na marahaba akaiweka simu sikioni, kichwa kakiinamisha. Ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili. Akanirudishia simu kabla wimbo haujaisha. "Mwanangu," akasema, "kinu hiki cha kusaga mahindi huzimwa saa ngapi?"

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikausikiliza tena, na kweli nikakisikia kinu.

Mdundo wenyewe haukuwa na kosa. Mcharazo ule ule ukiupiga kanisani au barazani, watu wataimba nao saa nzima bila kuchoka, kwa sababu wanakuona, wanapiga makofi, na wewe mwenyewe unaongeza na kupunguza nguvu bila kujua. Kwenye rekodi hayo yote hayapo. Zimebaki hedifoni na masikio mawili, na sikio likishakizoea kitu hukiacha. Mtu aliyezaliwa kando ya bahari hasikii tena harufu ya bahari. Gitaa lisilobadilika nalo hupotea hivyo hivyo, na likipotea huuvuta wimbo mzima nyuma yake.

Wengi wakiambiwa gitaa lao linachosha hukimbilia kujifunza mcharazo mgumu zaidi. Mcharazo mgumu ukirudiwa dakika nne unachosha vilevile, tena mapema. Kinachosaidia ni kulibadilishia gitaa kazi: hapa libebe mdundo, pale liwe pambo la juu, kule likae kimya. Mambo yote yaliyo hapa chini yanatokana na hilo.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue wimbo mmoja wa mfano. Uko kwenye G, mwendo wake ni mapigo 92 kwa dakika, kila kipimo kina mapigo manne, na kodi zake ni G, Em, C na D, kipimo kimoja kila moja. (Kodi za gitaa, si za nyumba. Hizo nyingine hazina mwongozo.) Una ubeti, kiitikio, ubeti wa pili, kiitikio, daraja (kipande cha katikati kisichofanana na vingine), halafu kiitikio cha mwisho. Nyimbo nyingi unazozijua zimejengwa hivyo.

Anza na karatasi

Kabla hujagusa maiki, chukua karatasi uandike sehemu za wimbo kwa safu, moja chini ya nyingine. Mbele ya kila sehemu andika kazi ya gitaa kwa maneno machache. Kwa wimbo wetu mimi ningeandika hivi: ubeti wa kwanza, gitaa moja, nyuzi nene tu, zimekabwa. Kiitikio, gitaa lile lile limefunguka. Ubeti wa pili, linarudi chini lakini gitaa dogo la juu linaingia. Kiitikio cha pili, magitaa mawili, kushoto na kulia. Daraja, pigo moja tu kwa kila kipimo, liachwe lilie. Kiitikio cha mwisho, yote.

Kutoka sehemu moja kwenda nyingine badilisha jambo moja, yakizidi sana mawili. Ukibadilisha mcharazo, kodi, idadi ya magitaa na nguvu ya mkono kwa mpigo, msikilizaji atadhani umeingia wimbo mwingine.

Kwenye karatasi hiyo hiyo weka alama mahali mwimbaji anapovuta pumzi. Gitaa likitaka kusema jambo, liseme hapo. Mwimbaji akiwa katikati ya mstari, gitaa na liwe na adabu.

Mkono unaocharaza

Hesabu "moja na mbili na tatu na nne na". Mkono ushuke kwenye namba, upande kwenye "na". Herufi C iwe ni chini, J iwe ni juu, na nukta ni mkono kupita hewani bila kugusa nyuzi. Mcharazo ambao kila mtu anaujua ni huu:

C . C J . J C J

Siri yake iko kwenye zile nukta. Mkono hauachi kutembea. Unashuka na kupanda kama bembea hata pale unapokosa nyuzi. Anayesimamisha mkono ili asubiri pigo lake huchelewa, na ukichelewa kidogo tu kwenye rekodi husikika zaidi kuliko barazani. Jizoeze kwanza bila kodi yoyote, mkono wa kushoto umelala juu ya nyuzi zisilie, upate "cha, cha-ka, ka-cha-ka" tupu. Ukishika, ndipo uweke kodi.

Mcharazo huo mmoja unaweza kutoa sura nne au tano bila kubadilisha mwendo wa mkono.

Ya kwanza ni kugawa nyuzi. Kwenye pigo la kwanza gusa nyuzi mbili nene tu. Kwenye la pili gusa tatu nyembamba. La tatu rudi kwenye nene, hata kama hapo palikuwa na nukta. La nne rudi kwenye nyembamba. Gitaa moja linaanza kusikika kama watu wawili wanaoitikiana. Wanaocharaza nyuzi zote sita kila mara huishia kuwa na ukuta, na ukuta hauchezeki. Mwenda Jean Bosco, yule mpigaji wa Katanga, Kongo, ambaye mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alitumia dole gumba na kidole cha shahada tu, na mtu akimsikiliza huhesabu magitaa mawili. Hulazimiki kupiga kwa vidole kama yeye. Chukua wazo lake: besi na sauti za juu zisizungumze kwa wakati mmoja.

Ya pili ni kukaba. Laza ubavu wa kiganja cha kulia juu ya nyuzi, karibu kabisa na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, kisha charaza. Sauti inakuwa fupi, nzito, kama mtu anagonga mlango kwa adabu. Kwa ubeti wa kwanza hakuna kinachofaa zaidi, kwa sababu unapoinua kiganja kiitikio kinapoingia, gitaa linafunguka bila wewe kuongeza kitu chochote. Kiganja kikisogea mbele mno, sauti inakufa. Kikirudi nyuma mno, haikabwi. Ni upana wa kidole kimoja hivi. Utafute kwa sikio.

Ya tatu ni kukanyaga mapema. Kodi mpya isingoje pigo la kwanza la kipimo kinachofuata. Iingie kwenye ile "na" ya mwisho. Kwa mwendo wa mapigo 92 hiyo ni kama theluthi moja ya sekunde kabla ya wakati wake, na theluthi hiyo inatosha kumfanya msikilizaji asogeze bega. Lakini usikanyage kila kipimo. Kwa kodi zetu nne, ingia mapema kwenye C pekee, zile tatu ziache mahali pake. Ukikanyaga zote, itakuwa desturi, na kinu kimerudi.

Ya nne ni kunyamaza. Kwenye kipimo cha mwisho kabla ya kiitikio, piga pigo la kwanza, kisha ziba nyuzi kwa viganja vyote viwili, mwimbaji amalize mstari peke yake. Mara ya kwanza utaona aibu, kama umesahau wimbo. Sikiliza baadaye.

Kama wimbo wako unafuata ngoma za pwani za sita kwa nane, za mtindo wa chakacha, sahau mcharazo wa juu. Hesabu sita, na mkono uende chini-juu-chini, chini-juu-chini, mkazo ukiangukia la kwanza na la nne. Raha ya mdundo huu ni kwamba sita inagawika kwa mbili na pia kwa tatu. Basi gitaa la kwanza likikaza la kwanza na la nne, gitaa la pili mpe la kwanza, la tatu na la tano. Kila moja likisikika peke yake halina maajabu. Yakiwekwa pamoja kiuno kinajua chenyewe.

Kuhusu piki, kile kibapa cha kucharazia: nyembamba, ya nusu milimita hivi, inatoa mchakacho mwingi na inafaa gitaa linalokaa nyuma ya mwimbaji. Kuanzia milimita 0.7 kwenda juu unapata noti zaidi na mchakacho kidogo. Usipokuwa nayo, kata kadi ya plastiki ya zamani umbo la piki, uilainishe kingo kwa kuisugua sakafuni. Na usisahau nyama ya dole gumba; kwa ubeti wa taratibu inashinda piki yoyote ya dukani.

Mkono wa kushoto

Hapa ndipo wengi tunapoacha mali mezani. Tunajifunza G, Em, C na D mwaka wa kwanza, kisha tunakaa nazo pale pale, kwenye freti tatu za mwanzo, vile vyuma vilivyolala shingoni, hadi uzee.

Hatua nyepesi ni hii: kidole cha pete na kidole cha mwisho viweke kwenye freti ya tatu ya uzi wa pili na wa kwanza (huhesabiwa kuanzia ule mwembamba kabisa), visitoke hapo wimbo mzima. Vidole viwili vilivyobaki ndivyo vibadilishe kodi chini yake. Utapata G kamili, kisha Em, C na D zilizoongezwa noti, na juu yake noti mbili zinalia bila kukatika. Kwa kiitikio ni tamu, linasikika gitaa kubwa lenye anga. Kwa wimbo mzima inakuwa sukari nyingi.

Hatua yenye faida zaidi ni kodi za nyuzi tatu. Acha nyuzi nene kabisa. Tumia uzi wa tatu, wa pili na wa kwanza, na nitaandika freti kwa mpangilio huo:

G ni 4-3-3
Em ni 4-5-3
C ni 5-5-3
D ni 7-7-5

Tazama zinavyotembea. Kutoka G kwenda Em kinahama kidole cha uzi wa pili tu, kutoka freti ya tatu kwenda ya tano. Kutoka Em kwenda C kinahama kimoja tena, kutoka ya nne kwenda ya tano. Kutoka C kwenda D hubadilishi umbo, unateleza freti mbili mbele. Noti hazirukiruki, zinapanda ngazi. Msikilizaji hajui umefanya nini, ila anasikia wimbo mdogo ndani ya wimbo.

Zipige fupi. Legeza vidole mara tu baada ya kugonga, uzi usilie zaidi ya lazima. Mzee jirani aliponionyesha haya alikuwa ameshika gitaa lenye nyuzi nne tu zilizobaki, na hakuna aliyezikosa zile mbili. Alikaa kibarazani, akawa anagonga kwenye zile "na" peke yake, mguu wake ukihesabu namba. Mimi nikapiga G-Em-C-D yangu ya kawaida chini yake. Dakika moja haikuisha, watoto wawili wa jirani wakawa wanacheza.

Bendi zetu zilijua hili zamani. Sikiliza Les Wanyika, iliyochipuka kutoka Simba Wanyika mwaka 1978: gitaa la rithimu la Omari Shabani halijazi kila nafasi, linazunguka kifungu kifupi mahali pake, na gitaa la solo la John Ngereza lina njia yake juu. Besi ya Tom Malanga iko chini, wala hakuna anayemkanyaga mwenzake. Kila mmoja ana ghorofa yake. Wewe uliye peke yako chumbani una kazi ya kuwa watu watatu, na ghorofa hizo ndizo ramani yako.

Gitaa la pili na kapo

Ukirekodi gitaa la pili likipiga kodi zile zile, freti zile zile, umeongeza unene tu. Wakati mwingine unene ndio unaoutaka, tutaufikia. Lakini kama unataka rangi mpya, weka kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni.

Gitaa la kwanza libaki wazi: G, Em, C, D. Gitaa la pili liweke kapo freti ya tano, upige maumbo ya D, Bm, G na A. Sauti zitakazotoka ni zile zile G, Em, C na D, ila zimekaa juu zaidi na mpangilio wake ni mwingine. Kama Bm inakusumbua, peleka kapo freti ya saba na upige C, Am, F na G. Gitaa la namna hiyo linameta. Liweke chini kwa sauti, kwenye kiitikio cha pili na cha mwisho tu, na mcharazo wake uwe mchache kuliko wa kwanza. La kwanza likipiga mara sita kwa kipimo, la pili lipige mara mbili.

Kuna ufundi mwingine wa kukaza nyuzi unaoitwa tuningi ya Nashville. Nyuzi nne nene unazitoa, unaweka nyembamba zinazolia oktavu moja juu, yaani noti zile zile kwa sauti ya juu zaidi; mbili za mwisho zinabaki zilivyo. Njia rahisi ya kuzipata ni kununua seti ya gitaa la nyuzi kumi na mbili na kutumia zile nyembamba zake. Ule uzi wa G wa juu ni mwembamba kama unywele, ukaze polepole na uso uuweke mbali. Ukilipata, gitaa la kucharaza linakuwa kama mvua nyepesi juu ya mabati. Mimi hutenga gitaa langu bovu zaidi kwa kazi hii, kwa sababu nyuzi nyembamba hazihitaji mbao nzuri.

Chumba, joto na maiki

Mombasa haikupangwa kwa ajili ya wanaorekodi. Mchana kuna tuktuk, kunguru, kinyozi mwenye spika barabarani, na pangaboi ambalo ukilizima unaoga jasho. Mimi hurekodi kuanzia saa nne usiku, nikiwa nimelizima pangaboi na kuchomoa friji. Narekodi wimbo mara mbili au tatu, nalifungua pangaboi dakika kumi, halafu naendelea. (Friji bandika karatasi mlangoni kwamba imezimwa. Niliwahi kuisahau hadi asubuhi, na samaki wa shilingi elfu moja na mia mbili wakaenda kwa paka.)

Jasho lina madhara mengine. Mkono wa kulia unanata kwenye ubavu wa gitaa, ukijivuta unatoa mkwaruzo ambao maiki inaupenda kuliko wimbo wako. Tupia kitambaa cha pamba chini ya mkono, kipande cha kikoi kinatosha. Shati la vifungo livue.

Hewa ya chumvi inakula nyuzi. Zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, na kama unarekodi kitu cha maana weka mpya siku moja kabla, uzivute na kuzipiga hadi zitulie. Nyuzi zilizochoka hazina mlio wa juu, na hakuna kitufe kwenye kompyuta kitakachourudisha. Unyevu nao huvimbisha mbao na kuinua nyuzi juu ya freti. Gitaa likikaa kwenye mkoba wake badala ya kuning'inia ukutani, linapona mengi.

Maiki iweke sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye gitaa, ielekee pale shingo inapokutana na mwili, karibu na freti ya kumi na mbili. Usiielekeze kwenye tundu. Hapo kuna mvumo mzito unaomeza kila kitu. Ukitaka mchakacho zaidi sogea kuelekea shingoni, ukitaka mwili zaidi rudi kidogo. Vaa hedifoni, mwenzako asogeze maiki polepole huku unapiga, na mwambie asimame unaposikia gitaa ulilolinunua. Kama huna maiki, simu iliyosimamishwa kwenye rundo la vitabu kwa umbali huo huo inafanya kazi kuliko watu wanavyoamini.

Godoro moja lisimamishe nyuma ya mgongo wako, kwa sababu maiki inakutazama wewe na ukuta ulio nyuma yako. Leso zilizotundikwa ukutani ni pambo tu, kitambaa chepesi hakinyonyi sauti ya maana.

Kiwango cha kurekodi kisifike kileleni. Mapigo makubwa zaidi yaishie kati ya desibeli -12 na -6. Charaza kiitikio, si ubeti, unapopima. Na kliki ya metronomu, ile inayokuhesabia mwendo, iwe ndogo kwenye hedifoni zinazoziba masikio vizuri. Nina wimbo mmoja ambao mwisho wake, gitaa linapozama taratibu, unasikia "tik, tik, tik" kama saa ya ukutani. Watu hudhani ni ubunifu. Huwa sikanushi.

Kila baada ya kurekodi mara moja, pima tuningi tena. Kila mara. Joto la chumba kilichofungwa linalegeza nyuzi hata ukiwa umekaa kimya.

Programu yoyote itafaa. Audacity ni ya bure kwenye kompyuta, BandLab inakubali simu. Haya tunayoyafanya hayahitaji zaidi.

Kurekodi mara mbili

Sasa ule unene. Gitaa moja upande wa kushoto, jingine kulia, mwimbaji katikati: kiitikio kinapanuka kama mlango wa mjini uliofunguliwa mabawa yote mawili. Lakini lazima upige mara mbili kwa mikono yako. Kunakili traki (rekodi ya gitaa moja) na kuzisukuma nakala pembeni hakusaidii, kwa sababu masikio yote mawili yanapopata kitu kile kile kabisa, ubongo unakiweka katikati. Umepata gitaa lile lile, kubwa zaidi. Tofauti ndogondogo za mkono wako, kuwahi kidogo hapa, kugonga kwa nguvu pale, ndizo zinazoleta upana.

Kuna ujanja wa kunakili kisha kuichelewesha nakala kwa milisekunde 20 hivi. Kwenye hedifoni unapendeza. Ukisikilizwa kwenye spika moja ya simu, nakala hizo mbili zinaungana na kulana, gitaa linabaki jembamba lenye sauti ya bati. Na nani asikilizaye kwenye spika moja ya simu? Karibu mji mzima.

Upana huo uweke akiba. Ubeti ukiwa na magitaa mawili pembeni, kiitikio kitapanuka kwenda wapi? Ubeti uwe gitaa moja karibu na katikati. Na unaporekodi la pili, badilisha angalau kitu kimoja: piki nyingine, gitaa jingine, au zile kodi za nyuzi tatu.

Kuchanganya

Hapa sitakaa sana, maana ukishafanya ya juu kazi imebaki ndogo. Kama kuna besi, kata sauti za gitaa zilizo chini ya hezi 100 hivi. Uzi mnene kabisa unalia kwenye hezi 82, kwa hiyo unapoteza kidogo, na besi inapata mahali pa kukaa. Maneno ya mwimbaji yakifichika, punguza gitaa desibeli mbili au tatu karibu na hezi 3,000. Usiongeze sauti ya mwimbaji kwanza, ondoa kinachomziba.

Kisha shika kile kitelezi cha sauti. Kiitikio kipande desibeli moja, moja na nusu. Ubeti unaofuata urudi chini. Hakuna atakayetambua, na kila mtu atasikia. Mwangwi kidogo kwenye gitaa la juu, gitaa la mdundo libaki kavu.

Ukimaliza, lala. Kesho yake usisikilize mbele ya kompyuta, kwa sababu macho yanaona traki na yanakudanganya. Weka simu dirishani, wewe nenda ukaoshe vyombo. Ile sekunde utakayojikuta unafikiria mambo mengine, iandike. Kwenye ule wimbo wangu ilikuwa dakika 1 na sekunde 20, ubeti wa pili unapoanza. Nilirudi pale nikaondoa gitaa lote kwa vipimo viwili, nikaacha sauti ya mwimbaji na kidole kikigonga mwili wa gitaa, kisha nikaingiza zile kodi za nyuzi tatu.

Nikampelekea mzee. Safari hii aliushika hadi mwisho, kisha akanyamaza kidogo, simu bado iko mkononi. "Kiitikio cha mwisho," akasema, "uzi wako wa pili umelegea."

Nilikwenda kusikiliza. Umelegea kweli.